Haya madini tunayoyaita mkakati, ni mkakati wa nani?

MchukuaSampuli (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Uzi huu ni mrefu, mnivumilie. Mwenye haraka aweke alama arudi jioni.

Mwaka 2008 nilikuwa kijana wa kuchukua sampuli kwenye kambi ya utafiti wa madini Kanda ya Ziwa. Mashine ya kuchoronga ilikuwa inashuka mita mia tatu, mia nne, inatoa vipande vya mwamba vya mviringo, virefu kama miwa iliyomenywa. Kazi yangu ilikuwa kuvipanga kwenye masanduku, kuandika kina, kisha kuvipasua katikati kwa msumeno. Nusu inabaki kambini, nusu inaingia kwenye mfuko na kupigwa lakiri. Mifuko inapanda gari mpaka Mwanza, kutoka pale inapanda ndege kwenda maabara ya nje. Majibu hayakuwahi kupita mikononi mwetu. Yalikuwa yanaingia kwenye barua pepe ya mtu aliye mbali, naye ndiye aliyeamua atuambie nini na anyamaze nini. Miaka mitatu nimebeba mawe ya nchi yangu bila kujua yana asilimia ngapi ya kitu gani.

Nimeanza na hilo kwa sababu kila nikisikia neno "madini mkakati" kwenye taarifa ya habari, nakumbuka ile mifuko. Nikeli, kinywe (grafiti), madini adimu (kundi la metali za kutengenezea sumaku za mota za umeme), lithiamu, heliamu. Tunayataja kwa fahari, na ni haki yetu kujivunia. Lakini nani aliamua kwamba haya ndiyo mkakati, na alitumia kipimo gani?

Marekani walitoa orodha yao ya madini muhimu mwaka 2018, yakiwa 35. Mwaka 2022 yakawa 50. Novemba 2025 yakafika 60, shaba na fedha zikiwemo. Umoja wa Ulaya nao wana sheria iliyoanza kutumika Mei 2024, yenye malighafi 34 muhimu, na 17 kati ya hizo wakaziita za kimkakati. Ukisoma vigezo vyao utaona wanauliza maswali mawili tu: uchumi wetu unakihitaji kitu hiki kiasi gani, na kuna hatari gani ya kukikosa? Basi. Ni orodha ya hofu ya mnunuzi, na hofu yao ina msingi. Desemba 2023 China ilianza kudai kibali kwa kila shehena ya kinywe cha betri inayotoka nchini mwake. Aprili 2025 ikafanya hivyo kwa madini adimu saba, na baada ya wiki chache baadhi ya viwanda vya vipuri vya magari Ulaya vikasimamisha uzalishaji.

Sasa muuzaji akichukua orodha ya mnunuzi akaifanya yake, anakuwa amekubali kipimo ambacho hakimhusu. Sisi maswali yetu yalipaswa kuwa mengine. Je, kitu hiki tunaweza kukisafisha kwa umeme, kemikali na watu tulionao, au tutakaokuwa nao baada ya miaka mitano? Je, kuna kiwanda au shamba la kwetu linalokihitaji? Tukikikosa sisi, nani analala njaa?

Nitoe mfano mmoja ambao hauzungumzwi. Fosfati. Tunayo Minjingu, Manyara, na inachimbwa kwa miaka mingi. Mwaka 2022 vita vya Urusi na Ukraine vilipandisha bei ya mbolea mpaka mfuko ukawa haushikiki, serikali ikalazimika kuweka ruzuku msimu wa 2022/23. Wakulima wa Mbeya, Songea na Rukwa waliokuwa wanahangaika na foleni za mbolea msimu ule wanajua mkakati ni nini kuliko mimi na wewe. Kwa mkulima huyo fosfati, jiwe la kutengenezea mbolea, ni mkakati kabla ya madini adimu. Ulaya wenyewe wameiweka fosfati kwenye orodha yao. Sisi tunaotegemea kilimo kuliko wao, ukiuliza kijiweni madini mkakati ni yapi, hakuna atakayeitaja.

Na Liganga, kule Njombe. Chuma chenye vanadi na titani ndani yake, na makaa ya Mchuchuma jirani kabisa. Mkataba wa ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) na kampuni ya China ulisainiwa mwaka 2011. Hesabuni wenyewe miaka.

Sasa nije kwenye nikeli, maana ndiyo inayotajwa zaidi.

Kabanga, wilaya ya Ngara. Mwamba ule unajulikana tangu miaka ya 1970, ulipotafitiwa kwa mradi wa Umoja wa Mataifa. Ukapita mikono mingi, kampuni kubwa za dunia zikaushika kwa leseni hodhi, yaani leseni ya kukaa na mwamba bila kuuchimba ukisubiri bei. Mabadiliko ya sheria ya 2017 yakazifuta leseni hodhi zote. Januari 2021 ukasainiwa mkataba mpya, ikazaliwa Tembo Nickel, serikali ikiwa na asilimia 16 ya hisa za bure zisizopungua hata mtaji ukiongezwa. Oktoba mwaka huohuo ikatoka leseni kubwa ya uchimbaji. Akiba iliyotangazwa Julai 2025 ni tani milioni 52.2 za mwamba wenye nikeli karibu asilimia 2, pamoja na shaba na kobalti. Wanaojua nikeli watakwambia asilimia 2 kwa mwamba wa salfaidi, yaani wenye salfa, ni kitu adimu sana duniani.

Na ahadi iliyoutofautisha mkataba ule na yote ya nyuma ilikuwa kiwanda cha kusafisha metali Kahama, pale ulipokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Machi 2023 Kamala Harris, akiwa Makamu wa Rais wa Marekani, alipokuja Dar es Salaam akakitaja mwenyewe, kwamba nikeli ya daraja la betri ingeanza kutoka mapema kama 2026.

Nimekaa Kahama. Nimeiona Kahama ya mgodi, na nimeiona baada ya mgodi kufungwa 2021: nyumba za kupanga tupu, mama lishe wakihesabu sahani zinazorudi safi. Kwa hiyo nikizungumzia kiwanda hiki sizungumzii takwimu, nazungumzia mji ninaoupenda.

Kinachonisumbua ni kwamba mjadala wetu wote umekaa kwenye hisa asilimia 16 na mrabaha. Kiwanda chenyewe kinahitaji nini ili kisimame? Nitarudi hapo. Kwanza nisikie wadau.

---

Mhaya_wa_Biharamulo

Mkuu nimeweka kambi hapa. Endelea kushusha.

---

Kijana wa Isaka

Mleta mada, umeeleza vizuri lakini mbona unazunguka? Dawa ni moja: zuia mwamba ghafi usitoke. Indonesia walifanya hivyo na nikeli, leo ni matajiri. Sheria yetu ya 2017 ya umiliki wa rasilimali inasema wazi malighafi isitoke bila kuongezwa thamani. Tusimamie sheria, wenyewe watajenga viwanda.

---

MchukuaSampuli

Ndugu yangu wa Isaka, nashukuru kwa kuleta Indonesia, maana kila mtu anaitaja na wachache wanaieleza.

Walizuia mwaka 2014, wakalegeza 2017 hazina ilipobanwa, wakafunga tena moja kwa moja Januari 2020. Ulaya wakawapeleka Shirika la Biashara Duniani (WTO), Novemba 2022 jopo likaamua Indonesia imekosea, nao wakakata rufaa, na kwa kuwa chombo cha rufaa cha WTO hakina majaji, zuio limebaki. Walisimama imara, nawapa heshima yangu yote. Leo zaidi ya nusu ya nikeli inayochimbwa duniani inatoka kwao.

Lakini tazama walikuwa wameshika nini mkononi walipofunga. Wao ndio waliokuwa wanalisha viwanda vya chuma cha pua vya China, kwa hiyo kufunga kwao kuliumiza mnunuzi siku ileile. Walikuwa na makaa ya mawe ya kuwasha tanuru bila kuomba mtu, na bandari zilikuwa hatua chache kutoka kwenye mwamba. Kampuni ya Tsingshan ya China ilikuwa tayari imeanza kujenga viwanda vya nikeli kule Morowali na ilikuwa na soko lake yenyewe. Serikali ikaongeza misamaha ya kodi ya miaka mingi. Kwa hiyo zuio lilikuta mlango umeshafunguliwa upande wa pili.

Sisi tulifunga makinikia ya dhahabu na shaba (mchanga wa madini uliochenjuliwa ambao bado haujayeyushwa) Machi 2017. Makontena 277 bandarini, mnakumbuka. Tukapata Twiga, kampuni ya ubia wa serikali na Barrick, tukapata asilimia 16, na mimi ni miongoni mwa waliofurahi na sijajuta. Ila mtambo wa kuyeyusha makinikia haukujengwa. Mwishowe makinikia yakaruhusiwa kutoka tena, kwa usimamizi bora zaidi, lakini yakatoka. Sheria iliandikwa na umeme haukuwepo. Zimbabwe nao walizuia lithiamu ghafi Desemba 2022, zikajengwa mashine za kutoa makinikia, na makinikia yakapanda meli kama mawe yalivyokuwa yanapanda.

Kisha kuna jambo la pili ambalo linauma zaidi. Indonesia walipofaulu, nikeli ikajaa sokoni na bei ikaporomoka. BHP, kampuni kubwa ya madini duniani, wakasimamisha shughuli zao za nikeli Australia Oktoba 2024. Na BHP ndio waliokuwa wameweka dola milioni 90 Kabanga kwa awamu mbili. Julai 2025 wakatoka, mbia wao akachukua hisa zao. Yaani sera iliyotungwa Jakarta ilifika mpaka Ngara bila kupita Dodoma. Mtu anayesema "tufunge tu, watakuja" ajue kwamba anayefunga wa pili anafunga kwenye soko ambalo wa kwanza ameshalibadilisha.

---

BintiMetalajia

Shikamooni wakubwa. Mimi nimesoma uhandisi wa uchenjuaji, nafanya kazi kwenye maabara. Naomba nishushe kwenye kinywe, maana watu wanadhani kinywe ni mkaa wa penseli tu.

Akiba yetu ya kinywe kwa hesabu za Marekani ni tani milioni 18, tuko kwenye safu ya mbele duniani, pamoja na Msumbiji na Madagaska. Mahenge na Epanko kule Ulanga, Lindi Jumbo na Chilalo kule Ruangwa. Lindi Jumbo imeshaanza kuzalisha tangu 2024.

Mwamba ukitoka una kinywe asilimia 7 au 8, Lindi Jumbo karibu 18. Unasagwa, unawekwa kwenye maji yenye mafuta kidogo na povu, kinywe kinapanda juu na povu kwa sababu hakipendi maji. Unapata unga wa asilimia 95 au zaidi. Hatua hiyo tunaiweza, na tunaifanya. Hapo ndipo tunapoishia.

Ili kiingie kwenye betri, zile chembe bapa zinaviringishwa ziwe duara kama mbegu za mtama. Kwenye kuviringisha unapoteza karibu nusu ya mzigo, inabaki vumbi la bei ya chini. Kisha unasafisha mpaka asilimia 99.95, na China wengi wanatumia tindikali ya haidrofloriki, ambayo ikikugusa inaingia mpaka kwenye mfupa. Kisha unaipaka lami maalumu na kuichoma kwenye joto kali. Gari moja la umeme linabeba zaidi ya kilo 50 za kitu hicho. Na karibu dunia yote inakipata China.

Sasa hapa namuunga mkono mleta mada. Tukisema "ongeza thamani", tuseme hatua ipi. Kuviringisha kunahitaji umeme wa uhakika na mashine, si tindikali. Tunaweza kuanza hapo. Kusafisha kuna njia zisizotumia haidrofloriki, na mmoja wa wabia wa Epanko ndiyo njia anayoitangaza. Kwa nini mkataba usitaje hatua kwa hatua na miaka yake? Neno "uongezaji thamani" peke yake hata kuosha mawe linalihesabu.

Na bei jamani. China wanatengeneza pia kinywe cha kiwandani kutokana na mabaki ya mafuta, wametengeneza kingi, bei ya kinywe cha mgodini ikashuka. Balama ya Msumbiji, mgodi mkubwa kuliko wetu wowote, ilisimama. Mbia akija na mpango wa kuuza kwa bei ya 2022 tumuulize mara mbili.

---

MchukuaSampuli

Marahaba binti yangu. Umenifundisha, na hilo la kutaja hatua ndilo nililokuwa nalitafuta maneno yake. Nitaliiba, nitalitumia kila mahali.

---

Mwana_Kolwezi

Jambo yenu bote. Mimi niko Kolwezi, Kongo. Nasoma hapa kila siku, leo nimeona niandike. Kiswahili changu ni cha Katanga, mnisamehe.

Ninyi mnauliza kama mfunge ao msifunge. Sisi tulifunga. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha kobalti yote isitoke. Ilikuwa bei imeanguka mpaka dola 10 kwa ratili, haijawahi kuwa chini hivyo kwa karibu miaka tisa, kwa sababu kampuni kubwa zilikuwa zinamwaga kobalti nyingi sokoni. Walisema miezi minne, wakaongeza mitatu. Tarehe 16 Oktoba wakaanza kugawa viwango: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka, na tani 96,600 kwa mwaka 2026, na tena 2027. Bei ikapanda zaidi ya mara mbili.

Kwa hiyo ndugu wa Isaka ana ukweli. Ukiwa na kobalti asilimia 70 na zaidi ya dunia, ukifunga mkono dunia inasikia. Lakini ukiwa na asilimia 3 ya kitu, ukifunga mkono unajifungia mwenyewe chakula.

Na bei iliyopanda inakwenda kwa nani? Aliyekuwa na kobalti kwenye ghala ndiye alifurahi. Creuseur, yule mwenye kuchimba kwa mkono, hana ghala. Anachimba leo, anauza leo, watoto wanakula leo. Miezi ile, wanunuzi walisema hawanunui, ao wananunua kwa bei ya huruma. Jirani yangu alirudisha watoto wawili kutoka shule. Hili hamtalisoma kwenye bei ya London.

Kitu kingine. Tangu mwisho wa 2018 kobalti ni "stratejiki" kwa amri ya serikali, pamoja na koltani na jerimani, mrabaha asilimia 10. Neno lile lilileta pesa, ni kweli. Lakini kobalti bado inatoka hapa kama haidroksidi, unga wa rangi, na inaenda kusafishwa China. Wazee wetu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, walitoa kobalti yenyewe, metali safi, pale Luilu na pale Shituru Likasi. Baba yangu alifanya kazi Luilu. Walivuta umeme kutoka bwawa la Inga, kilomita karibu 1,700, kuja mpaka hapa Kolwezi. Leo kampuni nyingi zinanunua umeme Zambia na kuwasha jenereta. Tulikuwa tumefika mahali ninyi mnatafuta, tukarudi nyuma. Sababu si kwamba hatukuwa na sheria.

---

Mhaya_wa_Biharamulo

Mwana Kolwezi, pole kwa jirani, na asante. Hii ya "tulikuwa tumefika tukarudi nyuma" imenikaa moyoni.

---

MchukuaSampuli

Mwana Kolwezi, karibu sana na usiombe radhi kwa Kiswahili chako. Umesema jambo ambalo wataalamu wetu hulizungushia kurasa mia.

Nirudi kwenye ahadi yangu: kiwanda kinahitaji nini. Umeme kwanza. Bwawa la Mwalimu Nyerere lina megawati 2,115 na mitambo yote tisa imekamilika 2025. Rusumo, ambayo iko Ngara hapohapo mlangoni kwa Kabanga, ina megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe tuna umeme mwingi kuliko matumizi. Nishati ya kuwasha viwanda Indonesia walikuwa nayo 2014 kwa makaa yao, sisi 2017 hatukuwa nayo. Kwa hiyo simwambii ndugu wa Isaka kwamba amekosea, namwambia amewahi, na huenda sasa ndiyo zamu yetu, mradi nyaya za kufikisha umeme huo Kahama na Ulanga ziwe na uwezo wa kubeba kiwanda.

Pili tindikali na chokaa. Metali nyingi zinazosafishwa kwa kuyeyushwa kwenye maji yenye kemikali zinadai tindikali ya salfa, na mwamba wa salfaidi kama wa Kabanga una salfa ndani yake. Leo malori yanabeba salfa kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo kila siku, yanarudi na shaba. Sisi tunaangalia vumbi. Kama nchi ingepanga salfa, tindikali, mbolea ya fosfati na usafishaji wa nikeli kama familia moja, tindikali ileile ingehudumia metali na shamba. Minjingu na Kabanga zingekuwa kwenye mpango mmoja. Sijawahi kusikia mkutano wowote ukiziweka meza moja.

Tatu reli. Reli ya kisasa ya Uvinza kwenda Musongati, Burundi, inajengwa kwa sababu Musongati kuna nikeli. Burundi wana mwamba, sisi tuna mwamba, umbali si mkubwa, na kila nchi inaota kiwanda chake. Nikeli ya Musongati ni ya udongo mwekundu, ya Kabanga ni ya salfaidi, hazisafishwi kwa tanuru moja, nalijua hilo. Lakini umeme, tindikali, reli na maabara vinaweza kuwa vya pamoja.

Na kuna gharama ya kugeuza sheria ghafla, lazima tuiseme hata kama inachoma. Zile leseni hodhi tulizofuta zilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa. Nikeli ya Ntaka Hill, Nachingwea: tuliamriwa zaidi ya dola milioni 109 mwaka 2023, tukamalizana kwa milioni 90 mwaka 2024. Mradi wa dhahabu wa SMP: milioni 30. Madini adimu ya Wigu Hill: milioni 27. Jumlisha. Ni dola milioni 147. Naamini kabisa kampuni haistahili kukalia mwamba wa wananchi miaka ishirini ikisubiri bei. Lakini kipengele kimoja cha mpito, kwamba "una miaka miwili, chimba au rudisha", kingetuokoa pesa hiyo. Ungejenga maabara ngapi?

---

Mwenye Kaya

Hamjambo. Natoka Kwale, Kenya. Nataka kuwaongezea kisa cha Mrima.

Kilima cha Mrima kina madini adimu na niobi. Kilima hichohicho ni kaya, msitu wa wazee wetu Wadigo, mahali pa dua. Mwaka 2013 serikali ilifuta leseni ya kampuni iliyokuwa imepewa, kampuni ikashitaki kule Washington, na Oktoba 2018 ikashindwa, kwa sababu leseni ilitolewa bila tathmini ya mazingira kufuata sheria. Kwa hiyo nyinyi mlilipa, sisi hatukulipa, na tofauti ilikuwa utaratibu. Sheria ikifuatwa tangu mwanzo inakulinda hata mbele ya wakubwa.

Baadaye, 2023, baraza la mawaziri likatangaza madini 14 kuwa ya kimkakati. Tangu hapo kila anayepita Mrima ana ramani mkononi. Tunaulizwa bei ya ardhi. Hatuulizwi kama kaya ina bei. Sheria yetu ya 2016 inaipa jamii asilimia 10 ya mrabaha, na ni jambo zuri kwenye karatasi. Mchanga wa titani hapa kwetu ulichimbwa zaidi ya miaka kumi na ukaisha Desemba 2024. Nendeni mkaulize vijiji vile vimebaki na nini, ndipo mwandike sera.

---

MchukuaSampuli

Mama, au baba, nisamehe sijui. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Katika vigezo vyangu vya mwanzo sikuweka swali la wenye mahali. Limekuwa pungufu kubwa. Naliongeza.

---

Kijana wa Isaka

Mzee nimekuelewa, sikatai tena. Ila nina swali la mwisho. Ngualla je? Si ndiyo madini adimu yenyewe ambayo dunia inayagombania?

---

MchukuaSampuli

Ngualla, Songwe. Tani milioni 18.5 zenye madini adimu asilimia 4.8, mwamba mzuri kweli. Mpango wa awali wa Peak ya Australia ulikuwa kusafishia Teesside, Uingereza. Mpango huo ukaachwa. Aprili 2023 wakasaini na serikali, asilimia 16 kwetu. Mwaka huohuo mkataba wa mauzo wakasaini na Shenghe ya China, wa makinikia. Na 2025 Shenghe wakainunua Peak yenyewe. Sina ugomvi na Mchina, yeye anajua kusafisha na alikuja na pesa wengine walipokuwa wanatoa hotuba. Lakini ona mpangilio: mwamba unaogombaniwa na Marekani, Ulaya na China ulibadilisha mmiliki kwenye soko la hisa la Australia, na sisi wananchi wenye mwamba tulisoma habari hiyo kama wasomaji wengine. Mkataba ungeweza kuwa na sharti kwamba mwenye hisa akibadilika, hatua za usafishaji zinajadiliwa upya. Hiyo ndiyo sera ninayoitaka. Vipengele, vyenye tarehe.

---

Chipukizi_Ushirombo

Shikamoo mzee. Mimi nimemaliza kidato cha sita, nina kemia na hisabati nzuri. Nilikuwa nataka kusoma jiolojia kwa sababu ya madini haya. Unanishauri nini?

---

MchukuaSampuli

Marahaba mjukuu wangu.

Jiolojia ni nzuri, na wanajiolojia tunao wengi wazuri. GST, taasisi ya serikali ya utafiti wa jiolojia, wamepima kwa ndege asilimia 16 tu ya nchi kwa kina kinachotakiwa, lengo ni kufika 50 ifikapo 2030, kwa hiyo kazi ipo. Lakini kwa kemia yako, soma uchenjuaji wa madini na metalajia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana kozi hiyo, na kama ada ni ngumu kuna Chuo cha Madini Dodoma kwa stashahada. Ukipata mafunzo ya vitendo, omba upelekwe maabara, usikubali kuwekwa getini kuhesabu malori. Na ukiona sampuli inapigwa lakiri kwenda nje, andika namba yake kwenye daftari lako, kisha baada ya mwezi nenda ukaulize majibu yake ni yapi. Mimi sikuwahi kuuliza.

Muulize pia BintiMetalajia hapo juu, naona yuko mtandaoni.

---

BintiMetalajia

Nipo. Chipukizi, njoo faragha, nina vitabu na nina nafasi moja ya kijana wa mafunzo kuanzia Julai. Njoo na cheti chako.